Kuhusu Chumba cha Eksirei cha Shemeji Yangu Frankline, Ulichokifunga kwa Utepe wa Manjano

Dishon Oyaro,
Duka la Misumari na Mabati,
Muhuru Bay, Kaunti ya Migori.

Ijumaa, jua likiwa bado juu.

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi wa Mionzi, Bi Leonida,

Kwanza pole na safari. Natumaini gari la ofisi halikukwama tena baada ya pale kwenye daraja, ambapo mimi nilikuwa mmoja wa waliolisukuma, yule wa upande wa kushoto aliyebaki na matope hadi kwenye kola. Sikulalamikia matope siku hiyo na silalamikii leo. Nimekusudia kulalamika kwa mpangilio, kuhusu jambo moja tu, na kulimaliza mapema, kwa sababu sisi Wasabato jua la Ijumaa likishatua hatugombani na ofisi.

Jambo lenyewe unalijua. Jumanne ulikuja kwenye Kliniki ya Tumaini la Ziwa, ukaingia chumba cha eksirei, ukamuuliza aliyekuwa akiiendesha mashine ana leseni gani. Alikujibu kwa ukweli kwamba ana leseni ya kuuza samaki. Ukamtoa nje kwa adabu, ukafunga mlango, ukavuta utepe wa manjano kutoka kwenye bawaba hadi kwenye komeo, ukaondoka. Mwendeshaji huyo ni shemeji yangu Frankline, kaka wa mke wangu Mong'ina. Na Mong'ina ndiye aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, viatu ameshavua.

Mong'ina anakohoa. Alianza wakati wa mvua ya masika, mvua ikaisha, yeye akaendelea. Kazi yake ni kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, na kuipepeta, kwa hiyo kuna wanaosema ni vumbi. Wengine hawasemi kitu, ila siku hizi wanatusalimia wakiwa upande wa pili wa barabara, na sote tunajua kwamba wanafikiria kifua kikuu. Sisi ni wawili tu nyumbani miaka yote hii, Mungu hakupanga kelele nyingine, na nyumba ya watu wawili husikia kila kikohozi. Nilitaka kujua kuna nini ndani ya kifua cha mke wangu. Frankline alikuwa tayari kuangalia. Wewe ukaja na utepe.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulisema Frankline hana mafunzo.

Kabla ya kliniki, Frankline alikuwa dalali wa mabondo. Kwa faida ya mtu asiyekaa ziwani, bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa mbuta, yaani sangara. Wanunuzi hukikausha na kukisafirisha ng'ambo, na huku kwetu kina heshima kuliko samaki mwenyewe. Shida ya bondo ni kwamba halionekani mpaka umpasue samaki, na ukishampasua umeshamnunua. Madalali wengine humgonga samaki tumboni na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikitimaji. Frankline aligonga na kutega sikio miaka mingi. Mwenye kliniki, Mzee Nyamhanga, aliponunua mashine ya eksirei iliyokwisha kutumika kwingine na kukosa mtu wa kuiendesha, Frankline alimwomba ruhusa ajaribu mbuta mmoja. Hewa ikatokea nyeusi, safi, na mipaka yake. Tangu hapo hajagonga samaki.

Sasa nieleze, Mheshimiwa, mapafu ni nini kama si mabondo mawili? Mtu aliyezoea kusoma hewa ndani ya kiumbe kinachorukaruka hawezi kushindwa na hewa ndani ya kiumbe kilichoambiwa kitulie. Jaduong' mmoja wa hapa, mzee wa kuheshimika sana, alipigwa picha ya kifua, na Frankline akamwambia ana hewa ya daraja la kwanza, ya kusafirishwa. Mzee alizunguka soko zima akilirudia neno hilo. Ni kweli kwamba amefariki, tena kwa kifua, lakini alifariki akiwa na furaha.

2. Ulishtuka kumkuta mbuta mezani.

Utaratibu ni huu: asubuhi samaki, mchana watu, na katikati meza hupanguswa. Samaki hutangulia kwa sababu wao huharibika haraka. Sijasikia mgonjwa akilalamikia mpango huu, isipokuwa mama mmoja aliyeambiwa ana vijiwe vingi sana mgongoni, na baadaye ikaonekana ni magamba yaliyobaki mezani. Hata yeye aliondoka akishukuru, maana alipona bila dawa.

Tena shemeji si bahili. Nasikia kwenye hospitali za watu wenye leseni, ukienda na kidole wanakupiga kidole peke yake, basi. Kwa Frankline, ukienda na kidole anaanza na tumbo. Ndiko thamani ya samaki iliko, na mkono wake umezoea kuielekeza mashine huko. Picha ya kwanza tumbo. Ya pili tumbo tena, kama ya kwanza haikutoka vizuri. Kisha ndipo anafika pale ulipolalamikia. Hakuna mtu aliyewahi kuondoka akihisi ameangaliwa kidogo.

3. Ulitamka neno ambalo limetusumbua.

Frankline alikwambia, kwa heshima, kwamba kazi yenyewe ni kubonyeza tu. Wewe ukamjibu, mbele ya foleni nzima, "Kubonyeza si kazi. Kazi iko kabla ya kubonyeza." Watu wamelijadili neno hilo mpaka kwenye kinyozi. Mimi ni mtu wa kujisomea, nikaona nichunguze. Nilisimama dirishani nikaitazama mashine kuanzia ukutani hadi kwenye kitufe. Kabla ya kitufe kuna waya. Kabla ya waya kuna soketi. Kabla ya soketi kuna stima, ambayo mara nyingi haipo. Hiyo kazi uliyoitaja sikuiona.

Na kama ulimaanisha kwamba mtu wa leseni anajua pia wakati wa kukataa, basi ujue shemeji ameshakataa. Kijana mmoja wa kisiwa cha Remba alileta mumi, samaki asiye na magamba, ambaye sisi kwa imani yetu hatumli. Frankline alisimama katikati ya mlango akasema, "Huyo hapandi meza hii, hata kama ni mgonjwa." Naomba jambo hilo liandikwe kwenye faili lake.

4. Uliuliza swali lisiloulizwa.

Hapa naandika kwa shida. Ulimuuliza Frankline, "Akija mgonjwa mwanamke, unamuuliza nini kwanza?"

Akasema, "Namuuliza habari za nyumbani."

Ukasema, "Halafu?"

"Halafu namuuliza za mumewe."

"Halafu?"

"Halafu nini tena, madam? Si ameshaniambia wote wazima?"

Ndipo ukaeleza, kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu mwenye kibali humuuliza kila mwanamke kama huenda ana mimba, na mwezi wake wa mwisho aliuona lini. Mama Filister, anayekaanga samaki pale nje, aliingiza kichwa dirishani kisha akakitoa. Frankline alitazama dari, na hadi leo hajamaliza kulitazama.

Mheshimiwa, hapa Muhuru Bay kila mwanamke ni dada, shemeji, au mama mkwe wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni Frankline. Kwetu Wakisii mwanamume hamuulizi dada yake mambo ya mwezi. Hamuulizi hata kwa kuzunguka, hata kwa kumtuma mtu. Majirani zetu Wajaluo na Wakuria tumeulizana nao, na wao pia wana miiko yao inayofanana na hiyo. Frankline kumuuliza Mong'ina swali kama lile? Afadhali ale mumi. Katika muda wote alioiendesha mashine hii, hakuna mwanamke hata mmoja aliyetoka mle ndani ameaibishwa. Nenda kwenye hospitali yoyote yenye leseni ukutani uone kama wanaweza kusema hivyo. Nilipoona Mong'ina hana budi kwenda kupigwa picha kwa wageni, nilimwagiza jambo moja tu: akiulizwa hayo, anyamaze.

5. Ulisema vifaa vya usalama havitumiki. Si kweli, vinatumika kila siku.

Ile aproni nzito ya madini, iliyokuja na mashine, anayo Mama Filister. Anaivaa akikaanga. Hapo awali mafuta yalikuwa yakimrukia hadi kifuani, sasa hayapenyi. Kama mafuta ya mbuta hayaipenyi, sioni ni mionzi gani itakayoipenya. Na kwa kuwa jiko lake liko nyuma ya ukuta wa chumba hicho hicho, yeye ndiye mtu pekee katika kliniki nzima aliyekuwa amejikinga vizuri ulipofika. Hukumsifu.

Ile beji ndogo, uliyosema ni ya kupima mionzi inayompata mfanyakazi, Frankline anaitunza kuliko viatu. Siku za kazi anaiacha nyumbani isichafuke. Sabato anaivaa kanisani, upande wa moyo, akiwaonyesha wageni viti. Ipeleke ikapimwe. Utakuta kanisa letu ni salama kabisa.

Ulilalamika pia kwamba ndugu wa wagonjwa huingia chumbani wakati wa picha. Wataacha kuingia vipi? Mtu wako amelazwa kwenye meza baridi, mashine inanguruma, na wewe usimame nje kama hamjuani? Siku alipopigwa picha mama mzazi wa Mzee Nyamhanga tuliingia ukoo mzima na majirani. Picha ilitoka na mikono mingi, lakini mama hakuogopa.

6. Jua.

Karatasi uliyotubandikia mlangoni inasema hakuna mtu atakayetumia chanzo cha mionzi bila kibali. Nimesoma mahali kwamba jua ni chanzo cha mionzi, tena kikubwa kuliko mashine ya Mzee Nyamhanga. Ufuoni hapa akina mama wanalitumia jua juu ya omena kuanzia asubuhi, bila mafunzo, bila aproni, na bila kumuuliza omena swali lolote. Mke wangu ni mmoja wao. Ulipita katikati yao ukiwa umevaa miwani myeusi, ukanunua omena ya kupeleka nyumbani, hukufunga kitu. Sheria ikiwa na macho, ione pande zote. Ama ulifunge jua, ama utufungulie chumba.

7. Orodha ya wanaoruhusiwa ni fupi mno.

Kwenye karatasi hiyo umetaja daktari wa picha, mtaalamu wa eksirei aliyesajiliwa, na mtaalamu wa fizikia wa kuipima mashine. Nimetafuta watu hao kati ya hapa na mpaka wa Tanzania sikuwapata. Waliopo ni wengine, nami nawapendekeza kwa unyenyekevu.

Wa kwanza ni Frankline, kwa sababu zilizotangulia. Wa pili ni Mirumbe, fundi wa kuchomea vyuma, ambaye tayari ana kioo cheusi cha uso na amezoea kuwaambia watu wasitazame. Wa tatu ni yule kijana wa picha za pasipoti karibu na stendi, ambaye anajua kumtuliza mtu asipepese. Wa nne ni mchungaji wetu, ambaye huyaona ya ndani hata pasipo stima. Na ikiwa ofisi yako itaona ugumu wa kuchagua kati ya hawa, basi kibali kitolewe kwa kila mtu aliyezaliwa mahali ambapo ziwa linaonekana, ili kusiwe na manung'uniko.

Na kama hata hilo ni gumu, nina pendekezo la mwisho, ambalo nadhani litaiokoa ofisi yako safari nyingi na matope mengi. Leseni ipewe mashine. Yeye ndiye anayetoa mionzi. Sisi wengine tunabonyeza tu.

Hayo ndiyo malalamiko yangu, na jua sasa limegusa paa la kanisa. Naomba mlango ufunguliwe kabla ya Jumatatu. Mong'ina ameshaondoka tangu Jumatano kwenda Homa Bay, ambako ana dada wa kanisa anayeweza kumpa malazi, apigwe picha huko na watu tusiowajua. Nyumbani nimebaki na kimya, na kimya hicho kinanisumbua kuliko kikohozi. Kwa nini mtu asafiri hadi Homa Bay kwa jambo ambalo kaka yake angemfanyia akiwa na ndala?

Wasalimie wote ofisini, hasa dereva, mwambie pale darajani apite upande wa kulia. Wasalimie walio nyumbani kwako. Mzee Nyamhanga anakusalimia kutoka mbali. Mama Filister anakusalimia na anauliza kama aproni kama ile zinapatikana kwa saizi ndogo. Frankline anakusalimia bila kinyongo.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima,

Dishon Oyaro
Mwenyekiti wa Muda, Kamati ya Waliokuwa kwenye Foleni

Baada ya sahihi: Leo ni Jumapili. Barua ililala mezani Sabato nzima, na Mong'ina amerudi.

Huko Homa Bay aliingizwa kwenye chumba cha msichana mmoja anayeitwa Trizah, leseni yake ukutani, ndani ya fremu. Trizah alimtoa nje yule dada wa kanisa, akafunga mlango, kisha akauliza lile swali. Mong'ina alinyamaza kama nilivyomwagiza. Trizah hakukasirika wala hakushika mashine. Alivuta kiti akaketi. Mwishowe mke wangu akasema, "Binti yangu, mimi hayo niliacha kuyahesabu zamani. Nilichoka." Trizah akamwambia, "Basi mama, leo tuhesabu wawili." Wakahesabu. Halafu akampeleka chumba cha pili na kikopo kidogo, na kutoka hapo akapelekwa cha tatu, kwa mama mwenye kifaa cha kusikiliza tumbo, naye akamsikilizisha.

Mheshimiwa, picha hakupigwa. Makohozi yalipimwa, si kifua kikuu. Ni vumbi la omena, na amepewa dawa na kitambaa cha kufunga mdomo. Kile kingine ni mimba, na moyo wa mtoto unapiga mbio, Mong'ina anasema, kama mtu aliyechelewa. Pale juu nilipoandika nyumba ya watu wawili, naomba unirekebishie kwa kalamu yako.

Nilikuwa nimekusudia kuipitia barua hii nione kama kuna makosa ya uandishi. Leo nimefika ile sehemu ya tumbo kwanza, na tumbo tena kama la kwanza halikutoka vizuri, nikaiweka chini. Chai yangu iko pale pale.

Kwa hiyo ombi langu sasa ni kwamba utepe uongezwe. Kama ofisi inao mwekundu, lete huo. Na ukija, zunguka nyuma ya jengo. Kuna dirisha ambalo hukuliona, Frankline hupitishia samaki hapo, na tangu jana usiku, Sabato ilipoisha, nasikia mngurumo wa mashine.

Ningeichana barua niandike nyingine, ila Frankline aliisoma yote Ijumaa akaipenda, hasa lalamiko la kwanza, na yeye ndiye anayeipeleka posta Migori. Yuko hapa mlangoni, amevaa beji. Nimemwambia naongeza salamu. Bado hatujamwambia kwamba anakuwa mjomba. Tunamjua, atataka kuangalia.